Mlolongo wa Kenya au jembe na nyumba ya Tanzania: ukiambiwa uchague njia ya kupata mgombea, uchukue ipi?

Kila msimu wa kura za maoni huku kwetu, na kila msimu wa mchujo kule kwa majirani Kenya, lazima atokee mtu wa kusema jamani haya makaratasi yanachakachuliwa, bora mlolongo, tupange foleni nyuma ya mgombea kila mtu aone kwa macho yake. Na mwingine, mara nyingi mtu mzima kidogo, atajibu hapana, bora ile ya zamani ya jembe na nyumba, wagombea wawili jukwaa moja, mmoja alama ya jembe mwingine nyumba, kura ya siri, hakuna pesa hakuna makundi. Zote mbili ni desturi za uchaguzi wa bunge zilizotumika kweli kwenye nchi zetu na zote zikaachwa, kwa hiyo hatubishani hewani, historia ipo ya kuangalia. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye chama chake, tawi lake, ushirika wake au hata kikundi chake cha kukopeshana kipo kwenye huo ubishi sasa hivi, maana naona watu wanakumbuka upande mtamu tu na ule mchungu wanauruka.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usisome mpaka chini ukidhani naficha. Mimi nikipewa hizo mbili bila nyingine nachukua jembe na nyumba, tena bila kufikiria sana, ingawa ina tatizo kubwa ambalo nitalieleza na silipunguzi. Mlolongo nauogopa. Na sababu zangu zinarudi kwenye maswali mawili: nani anakuona wakati unachagua, na kesho yake kimebaki nini cha kuhesabu tena kama kuna mtu hajaridhika.

Mlolongo ulivyokuwa

Kenya ya chama kimoja ilikuwa na uchaguzi wa siri kabla ya hapo, watu wengi hawalijui hili, wanadhani mlolongo ndio ulikuwepo toka uhuru. Hapana. Chaguzi za 1969, 1974, 1979 na 1983 watu walipiga kura kwa karatasi na wabunge wengi tu walianguka, wakiwemo mawaziri. Chama kilikuwa kimoja, KANU, lakini mwananchi akishaingia pale ndani anabaki na Mungu wake.

Ndipo 1986 KANU ikapitisha kwamba hatua ya uteuzi wa wagombea itafanyika kwa watu kupanga foleni uwanjani nyuma ya mgombea mwenyewe, au wakala wake, au picha yake. Wanahesabiwa vichwa, inatangazwa, kwisha. Na pale pale kikawekwa kipengele ambacho kwangu ni kibaya kuliko foleni yenyewe, kile cha asilimia 70: mgombea akipata asilimia 70 au zaidi ya waliopanga foleni basi huyo amepita bila kupingwa, hakuna tena kura ya siri jimboni kwake. Angalia vizuri hapo. Ni asilimia 70 ya waliojitokeza kwenye foleni, si ya wapiga kura walioandikishwa, na foleni yenyewe ni ya wanachama wa KANU wenye kadi tu. Yaani kikundi cha watu waliohamasishwa vizuri asubuhi moja wanaweza kufunga mjadala wa jimbo zima, na wewe usiye na kadi ya chama huna siku nyingine ya kusema lolote mpaka miaka mitano.

Uteuzi wa mlolongo ukafanyika Februari 1988, uchaguzi mkuu ukafuata Machi, viti vya kuchaguliwa vilikuwa 188 na majimbo kibao hayakufika hata kwenye sanduku la Machi kwa sababu ya hicho kipengele.

Sasa watetezi wake walikuwa na hoja, na tuwe wakweli hoja zilisikika vizuri. Ni rahisi, hakuna kuchapisha karatasi wala kununua masanduku. Ni haraka, saa chache mmemaliza. Asiyejua kusoma hahitaji kusaidiwa na mtu. Ni wazi, huwezi kujaza kura feki kwenye sanduku ambalo halipo. Na walisema ni utamaduni wetu Waafrika, sisi hatujifichi, mtu mzima anasimama anapoamini.

Hiyo ya utamaduni nitaijibu kwanza kwa sababu inanikera. Uingereza wenyewe walichagua wabunge hadharani kwa mamia ya miaka, mtu anapanda jukwaani anataja kwa sauti jina la anayemchagua, karani anaandika, na yale madaftari ya nani kamchagua nani yalikuwa yanachapishwa na kuuzwa! Mwenye shamba akawa anasoma tu wapangaji wake walisimama wapi. Walipoona mateso yake wakapitisha sheria ya kura ya siri 1872, na uchaguzi wa kwanza wa bunge kwa njia hiyo ukafanyika Pontefract mwezi Agosti mwaka huo huo, na Australia walishatangulia toka 1856 kule Victoria. Kwa hiyo kusimama hadharani si kitu cha Kiafrika wala cha Kizungu, ni kitu ambacho wakubwa wa kila mahali wamekipenda kwa sababu kinawaonyesha nani ni nani. Kenya 1988 ilirudia kitu ambacho wengine walikikimbia miaka 116 nyuma.

Uwanjani, nani anakuona?

Hapa ndipo ningependa mtu anayetaka kurudisha mlolongo akae atafakari. Jiweke wewe ni mwalimu wa shule ya msingi, chifu yupo pale, DC ndiye msimamizi, mgombea anayependwa na serikali foleni yake ipo kulia, wewe unampenda wa kushoto. Au wewe ni mama ambaye mumeo kashasimama upande mmoja na majirani wote wanaangalia unaenda wapi. Au unadaiwa na tajiri wa kijiji na tajiri ndiye mgombea. Au kibarua wa shamba la chai na msimamizi wako yupo hatua tatu mbele. Nani ataniambia huyo mtu yuko huru? Sheria inaweza kusema yuko huru lakini miguu yake inajua itaenda wapi.

Wa kwanza kulipigia kelele jambo hili walikuwa viongozi wa dini na wanasheria. Baraza la makanisa la Kenya, NCCK, lilikataa, maaskofu wa Kianglikana kama Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari wakasimama kidete, na hoja yao ilikuwa ya kibinadamu kabisa: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya waumini wake, Jumapili atawahubiria vipi wale waliosimama upande mwingine? Kundi limeshagawanyika. Chama cha wanasheria nacho kikapinga. Hata ndani ya bunge walikuwepo kama Charles Rubia wa Starehe waliosema wazi hiki kitu hakifai. Ikabidi KANU ilegeze kidogo kwamba watu wa dini na watumishi wa umma wasilazimike kupanga foleni, lakini ukishakubali kwamba askofu ataumia akionekana, kwa nini muuza mboga asiumie?

Halafu suala la pesa, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote. Watu wanadhani mlolongo unazuia rushwa kwa sababu kila kitu kipo wazi. Ni kinyume. Anayenunua kura ana wasiwasi mmoja tu, kwamba utakula hela yake halafu ukamchague mwingine. Kura ya siri inamuacha na huo wasiwasi maisha yake yote, na ndiyo maana watu wetu husema kula kwao, kura kwetu. Mlolongo unamuondolea wasiwasi, anasimama pale anakuhesabu kama mzigo aliolipia ukishushwa kwenye lori. Huku kwetu tumehangaika na takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, miaka na miaka, mpaka ikaruhusiwa kisheria mwaka 2000 na Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006, sasa fikiria takrima ile pamoja na foleni ambapo mtoaji anaona nani kakaa upande wake, hapo masikini hana pa kujificha tena.

Kesho yake kimebaki nini?

Hakuna. Hili ndilo lililoua mlolongo hata kwa watu ambao hawakujali sana mambo ya usiri. Kura ya karatasi hata ikiibiwa inaacha kitu nyuma, kuna karatasi, kuna fomu, kuna kisiki cha kitabu, unaweza kwenda mahakamani ukasema fungueni tuhesabu. Foleni ikishatawanyika imetawanyika. Watu elfu mbili waliosimama nyuma ya fulani wamerudi shambani na msimamizi anatangaza walikuwa mia nane, utamwambia nini? Na kwa vile uteuzi ulichukuliwa kuwa jambo la ndani ya chama, mahakama haikuwa mahali pa kukimbilia.

Ndivyo ilivyokuwa 1988. Watu waliona kwa macho yao mstari mrefu na mstari mfupi, halafu wakasikia mfupi umeshinda. Uwazi uliosifiwa ukawa ndio ushahidi wa wizi, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa pale kinaangalia, lakini ushahidi ambao huwezi kuupeleka popote. Nadhani hakuna kitu kinachochoma moyo kama kuibiwa mbele ya macho yako na kuambiwa hukuona. Jarida la Beyond la NCCK likaandika habari za wizi ule Machi 1988, likafungiwa, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa jela kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida.

Na madhara hayakuishia kwenye uteuzi. Rubia akapoteza kiti. Baadaye mwaka huo KANU ikatumia mlolongo tena kwenye chaguzi zake za ndani, na Mwai Kibaki, ambaye alikuwa ameshashushwa kutoka umakamu wa rais, aliyoyaona kule Nyeri yalimfanya aseme hadharani kwamba hata kuiba kura kunahitaji akili kidogo. Kenneth Matiba akajiuzulu uwaziri Desemba 1988 akilalamikia uchaguzi wa chama Murang'a. Na bunge lililotokana na mlolongo ndilo lililopitisha haraka haraka mwaka ule ule wa 1988 mabadiliko ya katiba yaliyowaondolea majaji ulinzi wa ajira zao. Mbunge ambaye anajua hakuletwa na wananchi atampinga nani?

Matiba na Rubia ndio waliojitokeza 1990 kudai vyama vingi, wakawekwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba, yale maandamano ya Kenya ya kudai vyama vingi ya Julai 7. Kwa hiyo ukiniuliza nani aliivunja Kenya ya chama kimoja nitakwambia mlolongo ulisaidia sana, uliwatupa nje watu wenye uwezo na hasira wakiwa hawana tena cha kupoteza ndani. KANU yenyewe ikaunda kamati chini ya George Saitoti ikazunguka nchi kusikiliza watu 1990, wananchi wakasema yao bila kuficha, na Desemba 1990 kwenye mkutano wa wajumbe Kasarani mlolongo na kile kipengele cha asilimia 70 vikafutwa. Mwaka mmoja baadaye na kifungu cha 2A cha katiba, kile cha chama kimoja, nacho kikaondoka.

Jembe na nyumba

Huku kwetu mambo yalianzia kwenye tatizo tofauti kabisa. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1960 TANU, chama cha Nyerere, ilichukua viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo hakukuwa na mpinzani, yaani mwananchi wa sehemu nyingi hakupiga kura ya mbunge kabisa. Chama kikishasema fulani ndiye, basi ndiye. Sasa Nyerere akaona kama chama ni kimoja tu kwa uhalisia basi wananchi wachague kati ya watu wawili wa chama hicho hicho, ili angalau mbunge aogope watu. Ikaundwa tume chini ya Rashidi Kawawa 1964, ikaja katiba ya muda ya 1965, na Septemba mwaka huo watu wakapiga kura kwa mtindo mpya. Ukaendelea 1970, 1975, 1980, 1985 mpaka 1990.

Ilikuwa hivi. Mkutano wa chama wa wilaya unawapigia kura waombaji, majina yanapanda Halmashauri Kuu ya Taifa, wanarudishwa wawili, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine nyumba. Alama kwa sababu wengi hawakuwa wanajua kusoma. Mwananchi anaingia anaweka alama yake kwa siri, karatasi inaingia kwenye sanduku.

Lakini utamu wake ulikuwa kwenye kampeni, na hili vijana wengi hawajawahi kusimuliwa vizuri. Wagombea wote wawili wanazunguka pamoja, mkutano mmoja, jukwaa moja, muda sawa, na chama ndicho kinachoandaa. Hakuna kuitisha mkutano wako mwenyewe. Hakuna kutumia pesa zako kuhonga watu. Hakuna kusema mimi ni wa kabila lenu au dini yenu, hakuna kusema Mwalimu ananitaka mimi. Na lugha ni Kiswahili tu, hata kama kijiji kizima kinaongea Kisukuma au Kihaya na wewe unakijua, unaongea Kiswahili, ili yule mwenzako asiyejua lugha ya pale asionewe. Mimi hapo huwa nasimama kidogo kila nikifikiria, maana ni kanuni ndogo lakini imebeba nchi nzima. Derek Bryceson, Mzungu, aligombea Dar es Salaam kwa utaratibu huo na akashinda kwa kura za Waafrika miaka minne tu baada ya uhuru.

Kwa vile hakukuwa na sera za kutofautiana basi alama zenyewe zikageuka kuwa kampeni. Mwenye jembe anawaambia wakulima bila jembe mtakula nini, mwenye nyumba anajibu ukitoka kulima jioni unarudi wapi, mvua ikinyesha unajisitiri wapi. Wengine waliona ni utoto, na kweli kulikuwa na malalamiko kwamba aliyepewa jembe kapendelewa maana vijijini jembe ndio maisha. Kama una mpango wa kuiga utaratibu huu chagua alama zisizo na uzito wowote, au weka picha za wagombea tu, usiwape watu sababu ya kusema walishindwa na alama.

Na watu waliangusha wakubwa kweli. 1965 Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa Mwanza, waziri! Wengine kadhaa wa ngazi ya uwaziri nao wakaanguka. Hakukuwa na fujo, masanduku yalihesabiwa, akakubali. Kwamba baadaye Nyerere alimrudisha bungeni kwa kumteua na kumpa wizara ni hadithi nyingine, na ni sehemu ya tatizo ninalotaka kulisema sasa.

Ubovu wake

Mchujo. Kila kitu kizuri nilichosema hapo juu kinatokea baada ya Halmashauri Kuu kuamua ni wawili gani utawaona. Kama yule unayemtaka alikuwa wa kwanza wilayani na wakamkata, huna la kufanya, jina lake halifiki kwako. Mara nyingi walifuata mpangilio wa wilaya lakini walikuwa na uwezo wa kuupindua na waliutumia. Na huwezi kusikia mgombea anayesema ujamaa vijijini unaendeshwa vibaya, kwa sababu wote wawili wanatoka chama kimoja wenye msimamo mmoja, mnachochagua ni nani ataleta barabara na kisima, si nchi iende wapi.

Tena hata ukishachaguliwa, chama bado kina mkono juu ya kichwa chako. 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella-Bantu, na ukifukuzwa uanachama na ubunge umekwisha, kura za wale watu wako zimefutwa na kikao. Kwa hiyo anayeniambia turudi jembe na nyumba kama ilivyokuwa, simuungi mkono. Demokrasia ilikuwepo lakini ndani ya uzio, na waliouchora uzio hawakuchaguliwa na wewe.

Huo uzio ndio ulifanya utaratibu uishe. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka 1991 kuuliza watu kama wanataka chama kimoja au vyama vingi, wengi wa waliotoa maoni, karibu asilimia 80, walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa na marekebisho, na bado tume ikashauri vyama vingi, na Julai 1992 sheria ikabadilika. 1995 karatasi ya kura ikawa na nembo za vyama. Tofauti na Kenya, hakuna aliyeingia barabarani kwa sababu ya jembe na nyumba, na hiyo inaniambia kitu kuhusu jinsi watu walivyouchukulia: waliona una mapungufu lakini hawakuona wanaibiwa.

Ukiweka moja kando ya nyingine

Kwa gharama mlolongo unashinda, hakuna ubishi, na kwa haraka pia. Ndiyo maana Uganda waliutumia kwenye uchaguzi wa viongozi wa vijiji, LC1, Julai 2018, na chama tawala cha huko, NRM, kikautumia kwenye mchujo wake Septemba 2020, ule wa pili ukaleta malalamiko mengi na vurugu sehemu kadhaa. Kijiji ambacho watu wanafahamiana na cheo chenyewe hakina pesa nyingi ni kitu kimoja, ubunge ni kitu kingine. Cheo kikiwa na mshahara mkubwa na gari, watu watauana kwa ajili yake na foleni haitawalinda.

Kwa uhuru wa mpiga kura jembe na nyumba inashinda kwa mbali sana. Kwa ushahidi pia, karatasi zipo. Kwa kuzuia pesa ndiyo kabisa, sidhani kama kuna uchaguzi mwingine hapa Afrika Mashariki ambapo mwalimu asiye na kitu alikuwa sawa kabisa na mfanyabiashara siku zote za kampeni.

Kwa nani anaingia kwenye orodha, zote mbili ni mbovu, ila kwa namna tofauti. Mlolongo kinadharia mwanachama yeyote anaweza kusimama watu wakajipanga nyuma yake, na hii ni nguvu yake ambayo lazima niitaje. Lakini KANU nayo ilikuwa inaamua nani ni mwanachama mwema wa kuruhusiwa, kwa hiyo mlango haukuwa wazi kama watu wanavyosimulia. Jembe na nyumba mlango ulikuwa na bawabu, na bawabu alijulikana ni nani.

Halafu kuna lile ambalo watu wanalisahau, baada ya uchaguzi mtaishije. Foleni inaacha kumbukumbu ya nani alisimama wapi. Miaka mitatu baadaye unaomba kiwanja au mtoto wako anaomba nafasi, na mtu anakumbuka ulikuwa upande ule. Majirani, ndugu, wake wenza, washirika wa msikiti mmoja, wote wanajua. Sanduku halikumbuki.

Sasa wewe uchukue ipi

Kama ni kura za maoni za chama kutafuta mgombea wa ubunge au udiwani, usiguse mlolongo, hata kama viongozi wanasema hakuna bajeti. Chukua kura ya siri halafu azima kutoka jembe na nyumba zile kanuni za kampeni: wagombea wote mkutano mmoja, muda sawa, gari moja, hakuna sahani ya pilau kutoka mfukoni mwa mtu. Hizo kanuni hazikuwa na kosa lolote na hazikuhitaji chama kimoja ili zifanye kazi, tulizitupa pamoja na mfumo tu. Kile cha kukataa ni kamati ya juu kuwa na uwezo wa kukata majina bila sababu ya maandishi. Kama lazima wachuje, basi sababu iandikwe, mgombea apewe, na awe na mahali pa kukata rufaa kabla karatasi hazijachapishwa.

Kama ni ushirika wa wakulima au SACCOS yenye watu mia kadhaa na kuna mikopo inayotolewa na huyo huyo kiongozi mtakayemchagua, kura ya siri tena. Mwenyekiti anayesaini mikopo hatakiwi kujua nani hakumtaka. Karatasi za daftari zilizokatwa sawa na ndoo yenye mfuniko zinatosha.

Kama ni kikundi cha watu 20 au 30, mmekaa chini ya mwembe, hakuna anayemdai mwenzake kitu kikubwa na cheo ni cha kujitolea, hapo kunyoosha mikono au kujipanga hakuna shida, msijisumbue.

Na kama umebanwa kabisa, kikao kimeshaamua mlolongo na huna namna ya kuupinga, basi pigania mambo haya kabla siku haijafika. Msimamizi atoke nje ya eneo lenu na asiwe mtu wa yeyote kati ya wagombea. Kila mgombea awe na wakala anayehesabu mstari wa mwenzake, si wake. Ihesabiwe mara mbili kutoka pande tofauti, zikipishana inarudiwa ya tatu watu wakiwa bado wamesimama. Simu zipo siku hizi, mstari mzima upigwe video mwanzo mpaka mwisho. Namba ziandikwe kwenye fomu, mawakala wote wasaini, kila mmoja aondoke na nakala yake na nyingine ibandikwe mlangoni pale pale, na mtu yeyote asiruhusiwe kutoka kwenye foleni mpaka ile fomu imebandikwa.